Mwaka wa Maharagwe Membamba

Mimi ni mtu wa kiherehere. Nimeambiwa hivyo tangu sijaota meno, na sibishi. Kwa hiyo siku ile mgeni aliposimama nje ya kanisa letu pale Waithaka, akainua juu haragwe moja la kijani, bichi, jembamba, akatangaza kwamba haragwe kama hilo huchumwa leo asubuhi na kesho mchana liko mezani Ulaya, mimi ndiye niliyepiga makofi. Nilipiga peke yangu. Watu wote wakanigeukia, na mama yangu akainama kuangalia viatu vyake.

Sikujali. Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzo-mwanzo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, cheti kimelala ndani ya Biblia, na kazi yangu ya maana ilikuwa kuvunja vikombe na kugombana na mbuzi. Nilikuwa nangoja kitu. Sikujua ni kitu gani, lakini nilijua kitakuja kwa gari, na huyu alikuwa amekuja kwa gari.

Alikuwa mzungu mrefu, shingo imeiva kwa jua, meneja wa kampuni iliyotoka kwao na kukodi shamba kubwa upande wa Karen. Pamoja naye alikuja bwana shamba wa kampuni, kijana wa kwetu kutoka huko juu kwenye majani chai, tai shingoni, ambaye ndiye aliyepaswa kututafsiria. Lakini alikuwa akimeza maneno. Mgeni anasema sentensi nne, yeye anatoa moja. Nikaanza kumsahihisha kutoka pale nilipoketi. Mara ya tatu meneja akacheka, akaniita mbele nisimame kando yake, na tangu siku hiyo nikawa mdomo wa kampuni Waithaka nzima.

Na maneno yenyewe yalikuwa matamu, haki ya Mungu. Kampuni itatoa mbegu, itatoa mbolea ya chumvichumvi, itatoa dawa ya wadudu. Sisi tutoe mashamba na mikono. Maharagwe yale, ambayo baadaye tulizoea kuyaita mishiri, yatachukuliwa yote na kulipiwa kila Ijumaa. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, shamba lote lipandwe mishiri peke yake, pasiwe na shina la hindi wala boga katikati. La pili, chochote kitakachoota kutoka mbegu ile ni mali ya kampuni, na kampuni ikikitaka itakifuata. Halafu kikaja kile kilichonisimamisha nywele: kila nyumba itakayotia sahihi itapewa nafasi moja ya binti kwenye banda la kufungashia kule Karen.

Mama mmoja akauliza mishiri huchukua muda gani kuiva jikoni. Meneja akasema dakika tatu. Nilipotafsiri, akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Haragwe gani hilo la dakika tatu? Hata maji hayajajua kama yako motoni! Mgeni naye akacheka, bila kujua anachokicheka, na mimi nikampenda kwa hilo.

Mama yangu alikuwa mjane, na shamba letu lilikuwa ekari moja na kipande. Mlikuwa na mahindi, maharagwe, viazi, maboga yaliyokuwa yakitambaa mpaka mlangoni pa choo. Mbegu zake hazikutoka dukani. Zilikaa kwenye vibuyu juu ya meko, zimechanganywa na majivu, na jirani akikosa mbegu alikuja na bakuli akapewa. Nililiona shamba hilo kila siku na sikuliona. Kwangu lilikuwa mahali pa kuchafulia miguu.

Kila Alhamisi mama alitia maharagwe na mahindi ndani ya kiondo, akaning'iniza ukanda kwenye kipaji cha uso, akateremka bondeni, akavuka mto na kupanda mpaka Kangemi. Alikuwa akimpelekea rafiki yake. Mwanamke huyo mimi nilimwita Mama Mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Yeye alikuwa mtu wa magharibi, alikuja Nairobi kumfuata mume fundi wa mawe, mume akafa, naye akabaki na mabinti wawili na sufuria moja kubwa. Kando ya soko la Kangemi aliuza mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Sisi huita githeri, yeye aliita nyoyo, na walibishana juu ya jina hilo miaka yote bila kuchoka. Wateja wake walikuwa vibarua, wale wa kubeba mawe na kuchimba mitaro, watu wanaokula mara moja kwa siku na lazima hiyo mara moja iwashike mpaka jioni. Nilisoma sekondari upande ule ule. Miaka minne, kila saa saba mchana, nilikula kwenye sufuria ile na sikulipa hata siku moja.

Nilimsumbua mama siku tatu. Asubuhi nilianza na Karen, mchana nikaenda na mshahara, jioni nikamalizia na jinsi kila mtu atakavyotia sahihi tubaki sisi tu, washamba wa Waithaka nzima. Mama aliendelea kumenya viazi. Siku ya tatu akauliza swali moja tu.

"Na Alhamisi nitampelekea nini mwenzangu?"

"Mama, Kangemi kuna soko," nikamwambia. "Atanunua kama watu wengine."

Nililisema kwa wepesi, nikitafuta kitana. Mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. Kesho yake mama akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi ya kampuni, na wiki hiyo hiyo tukang'oa maboga.

Wee, banda lile! Niacheni niseme ukweli, nililipenda. Lori lilituchukua alfajiri pale njia panda, mabinti kumi na wanane tumesimama nyuma tukiimba nyimbo za kanisa kwa sauti za densi, tukipita Dagoretti, tukiingia Karen kwenye miti mirefu na nyua za maua ambako huoni nyumba, unaona geti tu. Tulivaa koti jeupe na kitambaa kichwani. Kulikuwa na meza ndefu za bati, kulikuwa na chumba baridi ambacho ukifungua mlango moshi unakutokea. Tulianza na maharagwe ya shamba la kampuni lenyewe, yetu yakiwa bado yanakua, na kila mmoja wetu alikuwa na kibao chenye tundu. Unachukua haragwe, unalipitisha tunduni. Likipita, linaenda kwenye boksi. Likikwama, ni nene, linatupwa. Basi. Baada ya wiki mbili sikuhitaji kibao tena. Vidole vyangu vilijua vyenyewe, macho yangu yako dirishani, mdomo wangu uko kwenye hadithi, na mkono unachambua. Msimamizi aliwaleta wengine waje wautazame mkono wangu. Kichwa kilivimba, sikufichi.

Siku moja nilipanda lori la mizigo mpaka uwanja wa ndege kusaidia kuhesabu maboksi. Niliona kwa macho yangu boksi lenye namba ya meza yangu likimezwa na tumbo la ndege. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikapita juu yetu, nami nikairukia na kuipungia mikono miwili, nikipiga kelele kwamba yale maharagwe yamepita mkononi mwangu, mimi wa Waithaka. Dereva alidhani nimeshikwa na kitu. Mshahara wa kwanza nilishuka nao mjini, nikaingia duka la viatu na kutoka nikiwa nimevaa raizoni, vile viatu vya kisigino cha kutisha, na nilitembea barabara nzima pale katikati ya jiji nikijitazama kwenye vioo vya maduka. Nilikuwa mrefu. Nilikuwa nimefika.

Halafu yakaja mavuno ya kwanza ya Waithaka, na hapo ndipo tulipochekesha.

Lori lilileta viondo asubuhi moja, vya nyumba zote pamoja, na akina mama wachache wakaja navyo kuona maharagwe yao yakipokelewa. Mama yangu alikuwemo, amevaa gauni la Jumapili. Akamimina kiondo chake juu ya meza yangu. Ngai! Maharagwe yalikuwa manene, yamejaa, punje zimechomoza ganda utadhani zinataka kutoka zitusalimie. Nikachukua la kwanza nikalipeleka kwenye tundu, likakwama. La pili likakwama. Hakukuwa na moja lililopita, si la mama wala la wenzake.

Mnaona, kwetu haragwe changa halichumwi. Mwanamke anayechuma haragwe kabla halijajaa ni mwizi anayeogopa kukutwa, au ni mtu ambaye watoto wake wanalia njaa. Bwana shamba alikuwa amewaeleza wachume yakiwa membamba, nami nilikuwa nimetafsiri vizuri kabisa. Lakini kila mmoja, kwa wakati wake, kwenye shamba lake, alikuwa ameyatazama yale maharagwe akaona haya. Yanaenda ng'ambo kwa wageni! Utampaje mgeni haragwe tupu? Wakayaacha wiki moja zaidi, yanenepe, kwa heshima.

"Kwa nini unayaweka kando?" mama akaniuliza.

Nikamwambia ni manene. Akadhani namsifu, akatabasamu. Ikabidi nirudie, kwa sauti ya chini, kwamba manene ndiyo mabaya. Aliniangalia, akaangalia meza, kisha akaanza kucheka, na wenzake wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao mpaka machozi. Kicheko kilikatika tulipoona yanakopelekwa. Nyuma ya banda palikuwa na shimo kubwa, na kazi ya mzee mmoja ilikuwa kumwagia dizeli kila kilichotupwa, kwa sababu kampuni haikutaka mtu achukue makombo yake akauze. Mama alisimama ukingoni mwa shimo akiwa na kiondo kitupu. Alirudi nyumbani kwa miguu, akakataa lori.

Baada ya hapo walijifunza. Waithaka ilichuma maharagwe membamba, Ijumaa zikalipwa, mabati mapya yakapanda juu ya nyumba. Mashamba ya jirani yakafuata, na ya ng'ambo ya mto yakafuata, na kila mkutano nilikuwa mbele, mdomo wa kampuni, nikieleza habari za dakika tatu. Mvua za mwaka huo zilikuja kwa kusuasua, lakini mishiri tuliimwagilia kwa madebe kutoka mtoni. Sisi tulinunua unga na maharagwe dukani kama watu wa mjini. Bei ilipopanda tulilalamika kidogo, tukanunua.

Kangemi nilikuwa sijakanyaga kwa miezi minane au tisa. Nilikuwa na shughuli zangu! Hatimaye Jumamosi moja nikavaa raizoni zangu, nikanunua majani chai na sukari, nikaenda kumwonyesha Mama Mdogo jinsi nilivyokuwa mtu.

Nilimkuta ameketi pale pale pake, kando ya soko. Sufuria ilikuwa imefunikwa chini, mdomo kwenye udongo, na binti yake mdogo amekaa juu yake. Alifurahi kuniona, akasifu viatu, akanigeuza huku na huku. Nikamuuliza leo vipi, mbona hapiki.

"Mahindi napata," akasema. "Maharagwe ndiyo hakuna. Nimezunguka soko yote. Wanapima na kikombe ya chai, na bei yake siwezi kuuzia mtu ya kubeba mawe."

Nikamwambia apike mahindi matupu. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba alijaribu. Vibarua walikula siku mbili, siku ya tatu mmoja akaanguka na jiwe begani saa tisa, wakaacha kuja. Sasa walikunywa chai na mkate, wakafanya kazi nusu siku. Nikamuuliza kwani wale wauzaji wa zamani wameenda wapi, wale wa Dagoretti, wale wa Kikuyu, wale wa Uthiru. Hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Kila mtu nauliza ananiambia amepanda ya ndege."

Hakulisema kwa hasira. Hakujua hata kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka mashamba hayo nikihubiri. Aliendelea kusema kwamba amekwisha andika barua nyumbani. Mwisho wa mwezi ujao atafunga mizigo, arudi magharibi kwa shemeji zake, ambao hawakumtaka tangu mwanzo. Binti mkubwa alikuwa darasa la saba, mtihani karibu, naye itabidi aache. Alinipa chai ya majani niliyomletea mwenyewe.

Na mimi, badala ya kusikitika, nilikasirika. Ndivyo nilivyo, nikishikwa na aibu napandwa na hasira. Nikamwambia kila mtu ana haki ya kuendelea, na kwamba Kangemi si mzigo wa Waithaka. Nilitoka pale mbio, raizoni zikaniangusha njiani, nikazivua na kuteremka bonde miguu mitupu nikilia kwa hasira isiyojua pa kwenda. Nyumbani nilimwambia mama yote, nikimtupia kama kwamba kosa ni lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama binti mkubwa bado anasoma, nikasema ndiyo, akaenda kukamua mbuzi.

Wiki iliyofuata kiondo chetu hakikuwa kwenye lori. Wiki ya pili pia. Nilidhani anaumwa mgongo. Jumapili nikaingia shambani, nikakuta mishiri imenenepa, imekomaa, mingine imeanza kugeuka manjano. Nilipiga kelele majirani wakatoka. Nilimuuliza kama amesahau tena, baada ya mafunzo yote, baada ya aibu yote ile, na kama anajua nafasi yangu ya kazi imefungwa kwenye shamba hili hili.

"Mara ya kwanza nilikosea," mama akasema. "Mara hii sijakosea."

Akanipasulia ganda moja lililokauka. Ndani mlikuwa na punje nyeupe, ndogo, ngumu. Lilikuwa haragwe. Miezi yote ile nililipitisha kwenye tundu maelfu kwa maelfu, na haikuwahi kunijia kwamba ukiliacha tu kwenye shina, mwishowe linakuwa haragwe la kawaida la kupikwa kwa saa tatu nzima kama mengine yote. Nilikaa chini pale pale kwenye mtaro. Nilijua karatasi ilisema nini, mimi ndiye niliyeitafsiri: chochote kitakachoota ni cha kampuni. Wakijua mama anataka kuyala au kuyapeleka Kangemi, wataleta lori, watang'oa, na shimo la dizeli linangoja. Yalihitaji siku kumi zaidi za jua.

Walikuja siku ya sita. Meneja mwenyewe, na bwana shamba nyuma yake na daftari. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Meneja akatembea mistari yote, akachuma maganda makavu, akayatikisa sikioni, uso ukawa mwekundu kuliko shingo. Akanigeukia. Siku hiyo nilikuwa na zamu ya mchana, kwa hiyo nilisimama pale ndani ya koti langu jeupe.

Akasema nimuulize mama hii ni nini.

Nikamuuliza. Mama akainua mikono miwili, viganja juu, mwanamke mnyonge kuliko wote duniani.

"Mwambie sisi watu wa huku hatujui kuchuma haragwe changa," akasema kwa Kikuyu. "Mkono unakataa. Nimejaribu, umekataa." Halafu, bila kubadilisha uso, akaongeza, "Na wewe mwanangu, amua."

Nilielewa. Nikisema kweli, maharagwe yanaenda shimoni na mimi nabaki na koti. Nikisema aliyosema, shamba linafutwa kwenye orodha kwa ujinga, na nafasi yangu inaondoka nalo. Nilimtazama yule mgeni niliyempigia makofi peke yangu. Kisha nikafungua mdomo, na kwa vile mimi si mtu wa kufanya kitu nusu, nilitia chumvi. Nilimweleza kwamba ni mila nzito. Nilimweleza habari za mwizi na haragwe changa, na watoto wanaolia, na heshima ya mgeni, na jinsi mama yangu alivyokesha akijilaumu. Sauti yangu ilitetemeka, na aliona ni huzuni. Kwa kweli nilikuwa nimebanwa na kicheko na kilio pamoja, sijui kipi kitatoka kwanza.

Meneja akamgeukia bwana shamba na kumuuliza kama ni kweli. Yule kijana alimtazama mama. Akatazama maganda, ambayo upepo ukipita yalikuwa yakilia. Alijua. Mtoto wa mkulima yeyote angejua. Akasafisha koo, akarekebisha tai.

"Ni kweli, bwana," akasema kwa Kiingereza. "Mama yangu mwenyewe yuko hivyo hivyo."

Halafu akauliza, kama mtu asiyejali, kama alete lori kuja kuyang'oa. Meneja akatupa ganda chini. Akasema hatapoteza petroli kwa takataka, wabaki nazo, na jina hili lifutwe.

Nikamgeukia mama. "Amesema tubaki na takataka."

"Mwambie asante," mama akasema.

Bwana shamba ndiye aliyechukua koti. Nilimkunjia vizuri, nikaweka kitambaa juu yake. Hakunitazama, ila alipokuwa akilipokea alininong'oneza nianike juani siku nne zaidi, yasije yakaoza. Gari lilipopotea tulicheka mpaka mama akashika kuta. Halafu nikaenda nyuma ya banda la mbuzi nikalia sana, kwa maana nililipenda koti lile, nililipenda lori na nyimbo zake, na sitasema uongo hapa kwamba sikujuta.

Lakini siku nne zile! Tulipura kwa fimbo, vumbi jeupe limejaa nywele, mama akipepeta, nami nikikimbiza punje zilizoruka mpaka chini ya mbuzi. Majirani wawili walikuja kuchungulia ukutani. Kufikia Jumatano walikuwa wamekuja na bakuli, mama akawapa mbegu, hakuwauliza za nini. Alhamisi tukavaa viondo viwili, kimoja chake kimoja changu, ukanda ukanikata kipaji cha uso, na tukateremka bonde.

Mama Mdogo alikuwa amekwisha kunja godoro na kulifunga kamba. Basi lilikuwa la Jumamosi. Alipotuona na mizigo alisimama, akagusa kiondo cha mama kwa nje, kama mtu anayepapasa tumbo la mjamzito, kisha akamwita binti yake mkubwa aigeuze sufuria. Vibarua watatu waliokuwa wamekaa ukutani wakaacha kuzungumza. Mmoja akainuka akaenda kutafuta kuni bila kutumwa.

Nikapewa ungo nichambue. Mama na Mama Mdogo walikuwa wakiwasha moto, wameshaanza ule ubishi wao, githeri, nyoyo, githeri, nyoyo, nami niliwasikiliza nikiwa na furaha mpaka kifua kinauma, macho yangu yako sokoni, vidole vikikimbia juu ya ungo. Nikaja kushtuka Mama Mdogo amesimama juu yangu. Alikuwa akitazama chini, pale kando ya mguu wangu, nilipokuwa nimerundika punje za kutupa.

Akachuchumaa, akazichota kwa kiganja. Zilikuwa punje nene kuliko zote, nzima, safi, hazina hata tundu la mdudu. Kwenye ungo nilikuwa nimebakisha zile ndogondogo.

"Mtoto wangu," akaniuliza polepole, "hii iko na shida gani?"

Nilizitazama. Nikautazama mkono wangu, ule uliokuwa ukiitiwa watu waje kuushangaa.

"Haina shida," nikamwambia.

Akazirudisha kwenye ungo, akakaa chini kando yangu, akaushika mkono wangu, na tukaanza tena upya, punje moja moja.